Kigwe Kilichoingia Mlimani

Asubuhi ile Fan Yun-moi alikuwa amekaa kizingitini, mto uliojazwa pumba za mpunga uko mapajani, pini amezibana kwa midomo. Alikuwa akifunga fundo la kidani cha harusi ya bintiye. Kigwe kilikuwa cha hariri, chekundu, chembamba kama bua la ngano. Fundo lenyewe ni lile la mraba ambalo wafungaji wa mji wa Fengtian huliita fundo lisilo na mwisho. Kigwe huenda na kurudi, hupita juu ya chenyewe na chini ya chenyewe, pini zikikishikilia kila kinapokata kona. Mwishowe hukazwa kuanzia katikati, taratibu, mpaka asiyejua kazi hawezi kuonyesha kilipoanzia. Ukikosea kukaza, lote hulegea, unaanza upya. Yun-moi alikuwa na miaka mingi hajakosea.

Juu ya stuli pembeni yake palikuwa na jiwe la jade, kijani kizito, kubwa kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Mumewe, Jong Fuk-loi, alilitoa mgodini mwaka waliooana, akalitoboa mwenyewe, akasema kigwe atafunga mke. Kabla mke hajafunga, mume akapotea.

Habari za kupotea kwake zilijulikana Fengtian nzima. Siku ilipoporomoka njia ya tatu ya mgodi, kampuni ilitangaza kwamba ndani hamkuwa na mtu. Fuk-loi, kampuni ilisema, alikuwa ameacha kazi asubuhi ileile, akaonekana stesheni na mwanamke mmoja aliyekuwa mpishi wa kantini, wakapanda treni ya kwenda Kaohsiung. Kesho yake mdomo wa njia ya tatu ukazibwa kwa ukuta wa zege, kwa usalama wa umma. Yun-moi alikuwa mjamzito. Alimzaa Pei-rong, akamlea kwa kufunga vidani vya watu wengine, na kila sikukuu ya mwaka mpya alimlaani Fuk-loi kwa sauti, mara moja tu, kisha akaendelea na mapishi.

Sasa Pei-rong alikuwa anaolewa na kijana wa ukoo wa Lai, kule Yuli. Mama wa kijana, Bi Lai, hakuwa amekataa, ila hakuwa amekubali kwa moyo mweupe pia. Aliuliza mbele ya watu, kikombe kikiwa mkononi, kama damu ya mtoro hurithiwa. Yun-moi alimwongezea chai.

Alichomeka pini, akanyoosha mkono kutafuta ncha ya pili ya kigwe. Haikuwepo. Akatazama chini. Kigwe kilikuwa kimeshuka kutoka mapajani mwake, kimevuka kizingiti, kimepita katikati ya kuku, kimetoka hadi barabarani. Akakivuta. Kigwe nacho kikamvuta, mara mbili, kwa upole, kama mtu anavyomvuta mwenzake mkono wa shati kumwambia angoje kidogo.

"Haya, nangoja," alisema Yun-moi, akaenda kuinjika birika.

Pei-rong akatoka na mswaki mdomoni. Alikuwa akikata tiketi stesheni, na zamu yake ilianza mchana.

"Mama, kigwe chako kimetoka nje."

"Nimekiona."

"Kinakwenda wapi?"

"Hakijasema. Sukutua mdomo twende."

Wakakifuata. Kigwe kilipita kando ya kituo cha basi, kikakata barabara kuu. Hapo walimkuta jirani yao, Bi Tiam-moi, amesimamisha mkokoteni wake wa uji wa soya uliogandishwa. Hakutaka kukikanyaga kwa gurudumu.

"We Yun-moi! Siku hizi unaanika kamba barabarani?"

"Si mimi. Kimejitembeza chenyewe."

"Basi kiinueni, mama wa watu nipite, uji unaganda mara ya pili huku."

Wakakiinua, akapita. Halafu akaona uji unaweza kungoja, akauegesha mkokoteni chini ya mti na kufuatana nao. Walipanda njia ya zamani ya magari ya mgodi, katikati ya mashamba ya mabalungi, mpaka palipokuwa na ukuta wa zege ulioota kuvu. Chini ya ukuta kulikuwa na kitundu cha kutolea maji, kipana kama mdomo wa kikombe. Kigwe kiliingia humo.

Na kilikuwa kikitoka pia. Polepole, unyayo kwa unyayo, kilisukumwa nje kikiwa kimeloa, na kila baada ya nafasi ndogo kilikuwa na fundo la duara, lile la kifungo cha nguo. Yun-moi alichuchumaa. Akafuta fundo moja kwa kidole, akaligeuza, akalitazama upande wa pili.

Lilikuwa limezunguka kushoto. Wafungaji wote wa Fengtian huzungusha kulia. Mtu mmoja tu alikuwa akizungusha kushoto, na alijifunza fundo hilo moja tu maishani, siku za uchumba, kwa sababu baba yake Yun-moi hakukubali vijana wakae pamoja mikono mitupu. Alikaa mbele yake, si ubavuni, ili amwone uso. Kwa hiyo alichokiona akakijifunza kinyume, kama mtu anayejifunza kuvaa kwa kutazama kioo. Yun-moi alicheka, akamwacha hivyohivyo.

"Ni baba yako," alisema.

Pei-rong aliinama mpaka nywele zikagusa matope, akachungulia kitunduni. Giza tupu, na hewa baridi.

"Shikamoo, baba."

Kigwe kikavutwa mara moja.

Yun-moi akakaa juu ya jiwe. Alikaa kwa muda kama mtu aliyetua ndoo mbili baada ya kupanda nazo kilima, ambaye mabega yake bado hayajaamini. "Kumbe hukupanda treni," alisema mwishowe. Kisha akasema, "Ahsante." Kisha akawageukia wenzake. "Miaka yote hii nimekuwa nikimlaani mtu wa Kaohsiung. Sijui laana zile zimempata nani."

"Labda huko Kaohsiung kuna mwanamume ana majipu mpaka leo, hajui alikosa nini," alisema Bi Tiam-moi. Wakacheka wote watatu, na kigwe kikatikisika kidogo pale kitunduni.

Kuanzia siku hiyo kazi ya kidani ikawa ya watu wawili. Yun-moi alifunga kizingitini, na Fuk-loi alifunga ndani ya mlima. Alipovuta kigwe mara moja, maana yake ndiyo. Mara mbili, ngoja. Hakuna aliyeyapanga hayo. Dereva wa basi la asubuhi alijifunza kusimama kabla ya kigwe, na watoto wa shule waliteremka kukiinua, basi likapita, wakapanda tena. Tarishi alikivuta kila siku kumsalimu. Bi Tiam-moi alikishika akiuza uji, akawa anampa Fuk-loi habari za mji: nani alikufa, nani alioa tena, nani alijenga ghorofa likainamia upande. Kama habari ilikuwa nzuri, kigwe kilivutika kwa nguvu, na siku moja kilimwaga bakuli la mteja. Mteja hakulalamika. Alisema ni haki yake mtu kufurahi.

Hali ya hewa ilikuwa njema. Yun-moi aligundua kwamba amekuwa akiimba, na kwamba jirani wa upande wa pili alipunguza sauti ya redio ili amsikie. Alishukuru kwa hilo pia. Alishukuru mvua ilipokuja, kwa kuwa hariri iliyoloa hukaza vizuri, na ilipokatika alishukuru kwa kuwa hariri ilikauka. Usiku alilala. Kwa miaka mingi alikuwa akilala upande mmoja wa kitanda kwa hasira. Sasa alilala katikati.

Jambo moja lilikuwa likimkaa kooni. Alasiri moja alipanda mwenyewe hadi ukutani, akainama kwenye kitundu.

"Fuk-loi. Ulikaa muda mrefu humo? Yaani, kabla hujakata roho?"

Kigwe kililala chini, kimelegea. Akangoja. Hakikuvutwa mara moja, wala mara mbili. Yun-moi alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguu, akaelewa kwamba mumewe amekataa kujibu, na kwamba amekataa kwa ajili yake.

"Ahsante," alimwambia, akashuka.

Mwisho wa wiki kampuni ilimtuma Bwana Hsieh. Kampuni bado ilikuwapo; haikuchimba tena jade, ilikuwa ikichonga mawe ya ujenzi upande wa pili wa mlima, na ndiyo iliyoshika kibali cha mlima wote. Bwana Hsieh alikuwa mtu mpole mwenye mwavuli. Alitembea kandokando ya kigwe kutoka mlangoni kwa Yun-moi hadi ukutani, bila kukikanyaga hata mara moja, huku Yun-moi na Pei-rong wakimfuata. Alipofika alikunja mwavuli, akainamia kitundu.

"Shikamoo, Mzee Jong."

"Si mzee," alisema Yun-moi. "Ni mdogo kuliko wewe. Hajafika hata thelathini."

"Samahani. Hujambo, ndugu Jong."

Kigwe kikavutwa mara moja. Bwana Hsieh alikiangalia, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Ni yeye," alikubali. "Mkuu wangu wa zamani aliwahi kunisimulia. Alisema siku ukuta unajengwa walisikia kitu kinagonga."

"Walisikia nini?" aliuliza Pei-rong.

"Kugonga, dada. Wakaandika kwamba ni maji."

"Maji hayagongi."

"Hayagongi, ni kweli. Ila yaliandikwa maji."

Upepo ulipita kwenye majani ya mabalungi. Pei-rong alikuwa ameweka kiganja juu ya zege, na vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeupe kama zege lenyewe.

"Basi bomoeni," alisema. "Leo. Mumtoe."

Bwana Hsieh alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hakutaka kuonekana hivyo mbele ya mtu aliyemwamkia muda huohuo. "Dada, tukibomoa tutakuwa tumekubali kwamba yumo. Tukikubali yumo, basi alikuwamo siku ile. Kama alikuwamo siku ile, ukuta ulijengwa mapema mno. Sasa kampuni imekwisha sema ukuta ulijengwa kwa wakati wake. Unaona inavyofungana?"

"Naona," alisema Pei-rong. "Mimi mtoto wa mfungaji. Fundo baya nalijua."

"Na yule mpishi?" aliuliza Yun-moi. "Yule mama wa kantini mliyesema alikwenda naye?"

"Huyo alikwenda Kaohsiung kweli. Kwa dada yake. Alikwenda peke yake, na begi."

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Yun-moi, na alimaanisha. Mwanamke yule naye alikuwa ametajwa kila mwaka mpya.

Bwana Hsieh aliuliza kama kuna lolote ambalo kampuni inaweza kufanya, mbali na hilo. Yun-moi alifikiri, akasema kuna malori ya mawe yanayopita barabara kuu kwa kasi, na siku moja lori litakikata kigwe. Kesho yake kampuni ilileta vibao viwili vya njano, vya bati zuri, ikavisimika pande zote mbili za barabara. Viliandikwa: TAHADHARI, KIGWE. Malori yakapunguza mwendo.

Habari zilifika Yuli. Bi Lai alikuja kwa treni ya asubuhi, amevaa suti ya kijivu na viatu vya kupandia mlima, amebeba keki ya nanasi kwenye kasha. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ukutani, na Yun-moi alipopata habari na kufika huko akihema, alimkuta Bi Lai amekwisha weka keki mbele ya kitundu na ameshika kigwe kwa mikono miwili.

"Mkwe," Bi Lai alikuwa akisema, "mimi ni mama yake Kuang-ting, anayemwoa binti yako. Nimesema maneno kuhusu damu yako. Niliyasema mbele ya watu, basi nimekuja kuyafuta."

Kigwe kikavutwa kwa nguvu, karibu Bi Lai apige magoti. Alijiweka sawa, akafuta mikono, akamgeukia Yun-moi kwa uso wa mtu aliyeridhika.

"Ana mkono mzito. Mtu wa kazi huyu."

"Alikuwa hivyohivyo," alisema Yun-moi.

"Harusi iendelee. Na wewe, dada yangu, uje Yuli mara kwa mara. Nina uwanja mkubwa, sina wa kupiga naye soga."

Yun-moi alimshika mkono, wakashuka pamoja kwa uangalifu kwa sababu njia ilikuwa na utelezi, na tangu hapo hawakuitana tena kwa majina ya ukoo.

Ikabaki kidani. Harusi ilikuwa imekaribia, na fundo la mraba lilikuwa tayari limesukwa lote. Lilisubiri kukazwa tu. Lakini Yun-moi hakulikaza. Badala yake aliongeza mafundo madogo kushoto na kulia, mafundo ya maua, ya vipepeo, ya yale ambayo hufungwa kupoteza wakati. Upande wa mlimani nako yalikuwa yakija mafundo ya duara, moja baada ya jingine. Kidani kikawa kirefu mpaka kikafika magotini.

"Mama," alisema Pei-rong siku moja wakati wakimenya karanga, "hiki ni kidani cha kuvaa bibi harusi au cha kufungia nyati?"

Yun-moi alimenya karanga mbili zaidi. "Likikazwa fundo, kigwe kinakatwa."

"Najua."

"Kikikatwa, hatashika kitu mkononi."

Pei-rong aliacha karanga. "Basi tusikikate. Nitavaa dhahabu ya Bi Lai. Wewe kaa na kigwe chako hapa mlangoni, mfunge mpaka mchoke."

Alilisema kwa moyo wote, na mama yake aliliona hilo, akamshukuru kwa macho. Akaenda kukaa kizingitini, akachukua mto. Aliwaza kwamba Fuk-loi alikuwa amekaa gizani muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwenye jua, na kwamba bado kila asubuhi aliamka, kama huko watu huamka, akafunga fundo moja alilolijua. Aliwaza kwamba mtu anayefanya hivyo hana haja ya kucheleweshwa. Ana kazi anataka kuimaliza.

Akafumua maua na vipepeo vyote. Akachomoa pini moja moja. Akashika kigwe pale katikati ya mraba.

"Tayari?" aliuliza.

Kigwe kikavutwa mara moja.

Wakakaza pamoja. Yeye alivuta hapa, mlima ukavuta kule. Ulegevu ukasafiri ndani ya fundo, kona hadi kona, ukatoka pembeni. Masikio ya fundo, vile vitanzi vya pembeni, yakasimama sawa. Fundo likawa dogo, gumu, limejaa, na hata Yun-moi mwenyewe alipolitazama hakuweza kuonyesha kilipoanzia. Pei-rong akaleta jiwe, wakalipitisha chini yake. Halafu Yun-moi akakunja kigwe, akafunga kitanzi cha kufungia shingoni upande wake, akavuta mara mbili, akangoja.

Kigwe kilianza kurudi. Kilirudi chenyewe kutoka mlimani, kikateremka mashamba ya mabalungi, kikavuka barabara kuu kati ya vibao viwili vya njano. Dereva wa basi alizima injini na kuvua kofia. Bi Tiam-moi alitembea nacho sambamba, akikiondoa kwenye mawe. Kilipopanda kizingiti, kilikuja na ncha yake. Mwishoni palikuwa na kifungo cha duara, kimezunguka kushoto, na hariri iliyobaki ilikuwa imepakwa nta iliyoyeyushwa kwa moto wa taa, ikabanwa kwa vidole ingali laini, kama inavyotakiwa. Ilikuwa bado ina joto.

Yun-moi alipitisha kifungo kwenye kitanzi. Kiliingia sawasawa.

"Ahsante," alisema, akielekea mlimani, na hapakuwa na kitu cha kumvuta. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akaenda kupika wali.

Harusi ilifanyika Yuli, barabarani mbele ya nyumba ya Bi Lai, chini ya turubai lenye mistari, meza za duara zimejaa samaki wa mvuke, miguu ya nguruwe na soda za watoto. Pei-rong alivaa gauni jekundu, na kidani kilimkaa shingoni vizuri mno. Kampuni ilileta shada la maua lenye utepe wa pongezi. Bwana Hsieh alikuja nalo mwenyewe, akakaribishwa, akala mara mbili. Alipoulizwa na jirani wa meza, alieleza kwa upole kwamba kwa upande wa kampuni mambo yako kama yalivyokuwa: ukuta ulijengwa kwa wakati wake, na ndugu Jong alipanda treni.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa kukodiwa, mgeni, mwenye koti la kumetameta. Alikuwa akiwaita wazazi mmoja mmoja wasimame wapigiwe makofi. Aliwaita wa bwana harusi. Alimwita mama wa bibi harusi, na Yun-moi akasimama. Kisha akatazama kulia na kushoto kwake, akashusha kipaza sauti.

"Na baba wa bibi harusi, mama? Yuko wapi?"

Bi Lai aliweka vijiti vyake mezani. Bwana Hsieh alitazama bakuli lake.

"Yuko kazini," alisema Yun-moi.

Kijana akapandisha kipaza sauti, akatangaza kwa furaha hadi mwisho wa barabara kwamba baba wa bibi harusi anaomba radhi, amebanwa na kazi, na watu wa Fengtian wakasimama wote, meza baada ya meza, wakampigia makofi.